Bimu ya chuma iliyoliwa na kutu: ipakwe rangi, itiwe pleti au itolewe?

Nyumba ya shangazi yangu iko Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe, Unguja, hatua chache kutoka baharini. Chini palikuwa na duka la babu, juu ndiko walikolelewa wote. Sakafu ya juu imelala juu ya bimu tatu za chuma. Mwaka jana plasta iliyozifunika ilianza kudondoka vipande vipande, na vipande vile vilikuwa na rangi ya kahawia upande wa ndani.

Wakaja mafundi watatu, kila mmoja siku yake. Wa kwanza akasema atakwangua na kupaka redi oksaidi, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kazi ya siku mbili. Wa pili akataka kuchomelea pleti, yaani bamba la chuma, chini ya bimu zote. Wa tatu akasema hakuna la kuokoa hapa, zote zitolewe. Shangazi akanipigia simu: "Mwanangu, wamekuja watu watatu wamenipa dawa tatu, na hakuna hata mmoja aliyepanda ngazi akazigusa."

Mimi ni fundi sanifu wa ujenzi, na maneno yale yalinikaa. Njia zote tatu ni halali, na nimewahi kuzisimamia zote. Lakini huwezi kuchagua kati yao ukiwa umesimama chini unaangalia juu. Kinachoamua ni unene wa chuma kizima kilichobaki, na mahali kilipobaki. Bei inakuja baadaye.

Kwanza panda ngazi

Kutu hudanganya kwa namna mbili. Inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo gamba nene la kutisha linaweza kuwa limetokana na chuma kidogo tu. Na kinyume chake: bimu iliyopakwa rangi mara tano inaweza kuonekana safi huku chini ya rangi imebaki nyembamba kama bati. Macho hayatoshi.

Chukua nyundo ndogo, brashi ya waya, tochi na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Gonga bimu kila baada ya futi moja. Chuma kizima hulia, chuma kilicholiwa hutoa sauti ya kufa. Palipo na gamba, ligonge mpaka litoke lote, kisha pima unene. Pima mahali pengi, hasa sehemu mbili: katikati ya bimu, na ncha zake zinapoingia ukutani. Kuzifikia ncha lazima uchimbe plasta na mawe kidogo. Watu wengi huacha hapo kwa kuogopa kuchafua ukuta, na hapo ndipo kutu huwa mbaya kuliko kote, kwa sababu ukuta wa mawe na chokaa hunyonya unyevu na kuushikilia chuma kisikauke.

Nitumie mfano wa bimu inayopatikana sana madukani, IPE 200. Kimo chake ni milimita 200, upana 100. Ina umbo la herufi I: bapa la juu na la chini lina unene wa milimita 8.5, na ukuta wa kati unaoyaunganisha una milimita 5.6 tu. Kutu ikila milimita moja kila upande, bapa linabaki na 6.5, yaani kama robo tatu ya unene wake. Lakini ukuta wa kati unabaki na 3.6, chini ya theluthi mbili. Kutu ileile, hasara tofauti.

Tena kila sehemu ina kazi yake. Katikati ya chumba, bimu inapinda, na bapa la chini ndilo linalovutwa. Kwenye ncha, mzigo wote unashuka ukutani kupitia ukuta wa kati. Kwa hiyo bimu iliyoliwa bapa la chini katikati na bimu iliyoliwa ukuta wa kati kwenye ncha ni wagonjwa wawili tofauti kabisa, hata kama kutu yao inafanana.

Kuhusu kasi, kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 huiweka hewa kali ya pwani katika daraja la C5, ambapo chuma kisicho na kinga hupoteza kati ya maikroni 80 na 200 (maikroni elfu moja ni milimita moja) kila upande katika mwaka wa kwanza. Ndani ya nyumba mambo huwa nafuu, isipokuwa pale maji yanapovuja. Na karibu kila bimu mbovu niliyoikuta ilikuwa chini ya choo, bafu, au bomba la kiyoyozi linalodondosha maji. Ziba maji kabla ya yote. Usipoyaziba, hela yoyote utakayotumia chini yake umeitia majini.

Rangi na pleti, ukiziweka pamoja

Watu hulinganisha njia hizi mbili kwa bei, kana kwamba zinafanya kazi moja. Hazifanyi. Rangi inazuia kutu isiendelee, hairudishi hata chembe ya nguvu iliyopotea. Pleti inarudisha nguvu, lakini bila rangi nayo italiwa. Swali la kwanza basi ni kama bimu yako bado ina nguvu ya kutosha. Mimi huanzia hapa: hasara ikiwa chini ya sehemu moja ya kumi ya unene, na bimu haijapinda, rangi inatosha. Ikizidi hapo, kipimo kinakwenda kwa mhandisi aliyesajiliwa apige hesabu ya mzigo wa sakafu ile hasa. Si jambo la kukisia mimi wala fundi wa kuchomelea.

Uzuri wa rangi ni kwamba hakuna moto na hakuna kinachotolewa, na mtu anaweza kuendelea kuishi vyumba vya pili. Ubaya wake ni kwamba matokeo yanategemea kazi ambayo mwenye nyumba haioni ikishaisha. Kusafisha ndiko kunakobeba kila kitu. Kwa brashi ya waya na grainda unaweza kufika daraja la usafi liitwalo St 3. Kupuliza mchanga hukupeleka Sa 2½, karibu na chuma cheupe, lakini ndani ya nyumba yenye watu, kwenye vichochoro vyetu, vumbi la mchanga mkavu linaharibu mapafu ya fundi na ya jirani. Sikubali lifanyike humo.

Hilo linaamua aina ya rangi. Praima, yaani rangi ya kwanza, yenye zinki nyingi inasifiwa sana, na inastahili, lakini zinki inalinda chuma kwa kukigusa moja kwa moja. Juu ya chuma kilichosafishwa kwa brashi tu haikigusi vizuri, na umelipia jina. Kwa kazi ya nyumbani nachagua epoksi, rangi nzito ya vikopo viwili vya kuchanganywa, iliyotengenezwa kuvumilia uso usiosafishika kabisa. Redi oksaidi ya kawaida ni rahisi na kila duka inayo, na kwa geti la nje unaloweza kulipaka upya kila baada ya miaka michache sina neno nayo. Kwa bimu itakayofunikwa na plasta kwa miaka ishirini, siiamini.

Kuna na dawa za kugeuza kutu, zile za kupaka zikawa nyeusi. Nyingi zina asidi ya tanini, ambayo ni jamaa wa kile kilicho kwenye magamba ya mikoko ambayo pwani yetu iliwahi kuyasafirisha kwa wachuna ngozi. Zinasaidia kwenye kutu nyembamba iliyoshika. Kwenye gamba nene hazifiki chini, zinageuza ngozi na kuacha kidonda.

Mambo mawili yanayosahauliwa na wengi. La kwanza ni chumvi: osha chuma kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi baada ya kukwangua, kikauke, ndipo upake. Chumvi ikibaki chini ya rangi huvuta unyevu na kutoa malengelenge. La pili ni hewa: unyevunyevu wa hewa usizidi asilimia 85, na chuma kiwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya lile ambalo umande huanza kutua. Kwa hapa kwetu maana yake ni kwamba kazi hii isifanywe katikati ya masika, na isianze alfajiri. Na kama nyumba ni ya zamani, chukulia rangi kuukuu ina risasi mpaka ithibitishwe vinginevyo: ilowanishe kabla ya kukwangua, vaa barakoa ya kweli, na watoto walale kwingine. Usiiunguze kwa moto.

Lakini hata ukifanya yote hayo, rangi haifiki panapooza zaidi. Bapa la juu limekaliwa na sakafu, na ncha zimo ukutani. Unapaka unachokiona. Hii ndiyo sababu nasema anayependekeza rangi bila kuchimba ncha hajakupa dawa, amekupa pazia.

Sasa pleti. Hapa kuna kosa moja ninalolikuta kila mara. Fundi anakuja, bimu imebeba sakafu, kabati, kitanda na watu, anachomelea pleti chini yake na kuondoka. Kazi inapendeza. Lakini mzigo uliokuwapo ulikuwa umeshabebwa na chuma kile cha zamani, na bado kinaubeba kile kile. Pleti itasaidia tu kwa mzigo utakaoongezeka baadaye. Ili pleti ibebe sehemu yake, lazima bimu ipunguziwe mzigo kwanza: sakafu itolewe vitu, propu, yaani nguzo za muda, ziwekwe, na jeki zinyanyue kidogo kidogo. Kuna sababu nyingine pia ya kufanya hivyo. Chuma kikifika nyuzijoto 600 hivi kinabaki na nusu tu ya nguvu yake au chini ya hapo, na pale kijiti cha kuchomelea kinapopita ni zaidi ya hapo. Kuchomelea bimu nyembamba iliyobeba watu ni hatari kabisa.

Propu zenyewe zisisimame juu ya vigae vya sakafu ya chini na kuishia hapo. Ziwekewe ubao mpana, na kama chini kuna chumba kingine, ziendelee mpaka ardhini. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakafariki. Lilikuwa katika matengenezo wakati huo. Nalitaja kwa sababu wengi hudhani hatari inakwisha mafundi wakishafika.

Pleti ya chini naitaka iwe pana kuliko bapa, angalau sentimita moja kila upande. Bapa la milimita 100 lipate pleti ya 120. Hivyo mshono unakaa juu ya ukingo wa pleti na fundi anachomelea akiangalia chini, mkono umetulia. Pleti ikilingana na bapa au ikiwa nyembamba zaidi, kazi inageuka kuwa ya kuangalia juu, madini yanadondoka usoni na mshono unakuwa wa kubahatisha. Pleti ya milimita 8 kwa 120 ina uzito wa kama kilo 7.5 kila mita, watu wawili wanaiweza. Na kwa pwani, mshono uzunguke wote. Vipande vya mshono vilivyoachana vinaacha mwanya, maji ya chumvi yanaingia kati ya pleti na bimu, kutu inafura humo na kuvisukuma viachane.

Bolti badala ya kuchomelea? Zinaondoa moto, na hilo ni kubwa kwenye nyumba yenye boriti kavu za mikoko na vumbi la miaka mia. Chuma cha kale sana nacho huenda kisikubali kuchomelewa, na kama ni chuma cha kusubu, kile kinachovunjika kama chungu, usikiguse kwa moto kabisa. Lakini bolti zinataka matundu. Matundu mawili ya milimita 14 kwenye bapa la upana wa 100 yanakula zaidi ya robo ya bapa mahali pale, na pale pale ndipo ulipotaka kuongeza nguvu. Kwa hiyo matundu yapangwe na mhandisi, mbali na sehemu inayopinda zaidi. Nikiulizwa bila kuona nyumba nitasema mshono, mlinzi wa moto abaki na ndoo za mchanga na maji kwa saa nzima baada ya kuzima mashine.

Kuvika zege

Njia hii inapendwa kwa sababu inaficha kila kitu na inaonekana imara. Zege zima, lililochanganywa kwa maji na mchanga usio na chumvi, kweli linakilinda chuma kipya. Lakini chuma chenye kutu na chumvi ukikivika zege, umekifungia na adui yake ndani ya chumba kimoja, na zege litapasuka likisukumwa na kutu inayofura. Halafu kuna uzito: zege la sentimita 20 kwa 30 kuzunguka bimu ni kama kilo 144 kwa kila mita. Bimu ya mita nne inaongezewa zaidi ya nusu tani, nayo ndiyo ile tuliyosema imechoka. Sijawahi kuipendekeza kwa bimu kuukuu.

Kutoa, au kuweka mwenza

Ncha zikiwa zimeoza, rangi na pleti ya katikati zote hazijibu. Hapo kuna kubadilisha bimu, au kuweka bimu mwenza pembeni ya ile ya zamani, au kuweka nguzo karibu na ukuta ili ncha isibebe tena.

Kubadilisha ndiyo njia safi kuliko zote na yenye usumbufu kuliko zote. IPE 200 ya mita 4.3, pamoja na sehemu zinazoingia ukutani, ni kilo 96 hivi. Wanaume wanne wanaibeba kichochoroni, lakini kuizungusha ngazini ni habari nyingine, na wakati mwingine inabidi ipitie dirishani. Faida yake kubwa ni kwamba bimu mpya inaweza kuzamishwa kwenye zinki ya moto kabla haijaingia, pande zote nne, pamoja na ncha na bapa la juu ambavyo brashi haitavifikia tena maisha yake yote. Kiwango cha ISO 1461 kinataka wastani wa maikroni 85 za zinki kwa chuma kinene zaidi ya milimita 6. Kata na toboa kila kitu kabla ya kuizamisha. Ukiichomelea baadaye, zinki inaungua mahali pale, na moshi wake humpa fundi homa.

Bimu mwenza ina upole wake. Sakafu haing'olewi, ile ya zamani inabaki ilipo lakini haibebi kitu, na mashimo mapya ukutani yanachimbwa kwenye mawe yasiyolowa. Kama kimo cha chumba kinaruhusu, mara nyingi naona ni bora kuliko kung'oa. Nguzo ni rahisi zaidi, lakini inataka msingi wake ardhini, na inakaa pale watu wanapopita.

Wengine huuliza kwa nini tusirudi kwenye boriti za mikoko, kama wazee. Vyumba vya zamani ni vyembamba kwa sababu boriti zile hazikufika mbali. Chumba kilichotanuliwa kwa ajili ya chuma hakitabebwa nazo. Ukataji wa mikoko nao unadhibitiwa. Na kwa Mji Mkongwe, ulio kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, usibadilishe chochote cha kubeba nyumba kabla ya kwenda kwenye mamlaka ya hifadhi ya mji. Kibali kile kinachukua muda, basi kiombe mapema, wakati bimu bado inakupa muda.

Ikiwa haikupi muda utaiona: sakafu imelala katikati, mlango wa juu uliokuwa ukifunga sasa unakwama, nyufa mpya zinatoka pembeni mwa ncha za bimu, au vipande vya mawe vinadondoka bila kuguswa. Hapo watu watoke chumba cha juu na cha chini, propu ziwekwe siku hiyo hiyo, ndipo mjadala wa njia uanze.

Bimu tatu za Malindi

Nilipanda na kalipa, mchana kutwa. Bimu ya mbele, upande wa barabara, ilikuwa na kutu ya juu juu tu: unene ulipungua chini ya nusu milimita, ncha zake kavu. Hiyo tuliikwangua, tukaiosha, tukaipaka epoksi mara mbili na kuongeza mkono mmoja kwenye kingo, maana rangi hukimbia kwenye kingo kali.

Ya kati iliharibika bapa la chini, kama mita moja, ilipokuwa ikidondokewa na bomba la zamani. Ncha zake zilikuwa nzima. Mhandisi alipiga hesabu, tukaweka propu mpaka chini dukani, tukanyanyua kwa jeki, ikapata pleti yake.

Ya nyuma ndiyo iliyokuwa chini ya bafu. Katikati yake ilionekana nzuri kuliko ya kati, na fundi wa kwanza aliisifu. Tulipochimba ukuta, ncha moja ukuta wake wa kati ulikuwa umebaki milimita mbili, na penye kona kidole kilipita. Hiyo ilipata mwenza wa zinki, na bafu likahamishiwa upande wenye bomba jipya.

Shangazi alitaka dari la jipsamu lifunike yote, nyumba ipendeze Idi. Nilimwomba tuache mlango mdogo kwenye dari, wa kufunguka, karibu na kila ncha. Mwanzoni alikataa, akaona utaharibu sura. Kisha akakubali vilango viwe sita, vipakwe rangi ya dari. Nyuma ya kila kimoja, kwenye ukuta wa kati wa bimu, nimeandika kwa rangi nyeupe tarehe na unene tulioupima, ili atakayepanda ngazi baada yangu ajue chuma kilikuwa wapi tulipokiacha.